Uzi wa Mafundo Tisa

Nyumbani, chumba cha mbele,
tarehe ishirini na mbili, mwezi wa tisa.

Kwako mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu zangu zikiwa za moto, kama chai iliyoepuliwa sasa hivi. Hujambo? Mwili unasemaje? Na huo mgongo wako, bado unakupigia kelele baridi ikiingia, au umeshausuta ukanyamaza? Shemeji hajambo? Wajukuu je, wameshaanza kukupanda kichwani? Mimi mzima. Goti la kushoto linanung'unika kila asubuhi lakini silisikilizi, na meno yaliyobaki ni machache ila yanaelewana. Mjukuu wangu, yule niliyemlea, amejifungua mtoto wa kiume mwenye masikio kama ya marehemu mjomba, kwa hiyo mvua ikinyesha hatukosi pa kujikinga.

Nakuita Kifungo ingawa umeshakuwa bibi wa watu. Kile kifungo ulichomeza ukiwa na miaka minne, aliyekitafuta siku tatu nzima ni mimi, na unajua nilikitafuta wapi. Haki ya kukuita hivyo nimeitolea jasho.

Unaoandika hapa si mkono wangu. Mama alitugawia mapema: wewe akakupa daftari, mimi akanipa sindano ya godoro, na kila mmoja akakazana na chake. Darasa mimi sikuliona hata kwa dirishani. Anayepiga chapa ni jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Chapa, ambaye mchana hukaa na mashine yake nje ya mahakama akiwaandikia watu barua na malalamiko yao. Barua zangu zote kwako zimepita kwenye vidole vyake. Leo nimemwapisha apige kila nitakalosema, hata likimchoma, hata nikimwambia afute. Ananiuliza kama na hilo aliandike. Andika.

Habari za nyumbani ni nzuri. Mlango wa mbele nimeupaka rangi ya kijani, kwa sababu nilikuwa siwezi kuutazama ulivyokuwa. Kazi ipo. Magodoro yanaletwa yamekaa kama chapati, nayachana, nachambua sufi, naianika, napiga kwa fimbo mpaka inafufuka, kisha nashona. Mikono haijachoka. Watu nao hawajaacha kulala, Mungu awabariki.

Sasa nije kwenye barua yako ya mwezi wa nne.

Ilifika pamoja na lile boksi la dawa ya kuchua magoti, ahsante sana. Mama Chapa aliisoma hapa hapa, mimi nimekaa juu ya gunia la sufi. Ulisema miaka kumi na miwili tangu mama azikwe inatosha, umechoka kusema na dada yako kwa karatasi, unakuja. Ulisema nisihangaike kupika makubwa wala kutandika makubwa. Ulitaka kitu kimoja tu, kulaza kichwa chako kwenye mto wa mama, ule wa milia ya buluu, ambao kila mwaka nimekuwa nikikuandikia kwamba upo, umetulia ndani ya sanduku. Mwisho ukaandika siku ya kufika. Hukuitaja kwa maneno. Uliandika tano, kijistari kilicholala upande, halafu tisa.

Mama Chapa akaisoma kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angeisoma: tarehe tano, mwezi wa tisa. Hakusita, hakutafuna neno. Akachukua kalenda yake, akahesabu, akaniambia zimebaki siku mia moja arobaini na nne.

Unaujua mtindo wangu wa siku, maana ni mtindo wa mama. Mteja akileta godoro, nafunga mafundo kwenye uzi wa katani, fundo moja kwa siku moja, natundika msumarini juu ya kazi yake. Kila asubuhi nakata fundo moja. Uzi ukiisha, godoro linatoka. Sijawahi kumchelewesha mtu. Basi na wewe nikakufungia uzi wako, mafundo mia moja arobaini na nne. Vidole viliuma siku mbili. Niliutundika ukutani ukafika chini, ukalala sakafuni kama mkia wa mnyama. Kila aliyeingia aliuliza huo uzi ni wa godoro la jitu gani, nami nikajibu ni wa mdogo wangu anayekuja.

Ulikuja mwezi wa tano, tarehe tisa. Ukakuta kufuli.

Jioni ile Mama Chapa aliporudi kazini alinikuta nimekaa kitandani na kikaratasi chako mkononi, kile ulichopitisha chini ya mlango. Nikampa anisomee. Uliandika maneno matatu: nimekuja, nimegonga, nimeelewa. Na juu yake uliandika siku yenyewe, vile vile, tano, kijistari, tisa. Mama Chapa akaitazama ile tarehe, akaitazama kalenda, akakaa chini. Alielewa hapo hapo, maana si mjinga. Alilia, Kifungo. Mwanamke aliyezika waume wawili bila kupangusa jicho alilia kwenye sakafu yangu, akisema amenipotezea ndugu yangu kwa kusoma namba kinyume.

Jambo lenyewe la namba, mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara ndiye aliyenifafanulia. Nilimpelekea boksi lako ili aniambie kama dawa haijaharibika, maana mimi naona michoro tu. Akalisoma, akacheka. Kumbe siku ya mwisho ya kuitumia imeandikwa tatu, halafu ishirini na nane, halafu mwaka. Akaniuliza kama nimewahi kuishi mwezi wa ishirini na nane. Nikamjibu kwamba nikiyauliza magoti yangu, niko mwezi wa thelathini. Ndipo akanieleza kwamba huko uliko wewe mwezi hutangulia na siku hufuata. Sisi hapa siku hutangulia, mwezi unakuja nyuma. Na wako watu wengine, mbali zaidi, wanaoanza na mwaka, kisha mwezi, siku ndiyo inakuja mwisho kama mtoto aliyechelewa kula.

Nilimwambia hao wote wamechanganyikiwa isipokuwa sisi. Siku ndiyo inayobadilika kila asubuhi, mwezi umekaa tu pale pale. Nikiuliza leo tarehe ngapi, sitaki kuambiwa mwezi, mwezi naujua, sijalala kiasi hicho. Yeye akatetea. Akasema mtu akikuelekeza kwake hutaja mtaa kwanza, ndipo ataje mlango. Nikamwambia mtaa naujua, nipe mlango. Tukabishana mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuchangia, mmoja akisema bora tarehe zote ziandikwe kwa maneno kamili, mwingine akisema yeye tangu azaliwe hajawahi kuandikiwa tarehe isipokuwa ya kurudi hospitali, na hakurudi.

Hivyo ndivyo ilivyosemwa mtaani kote tangu siku ile. Bibi wa magodoro amempoteza mdogo wake kwa sababu ya kijistari. Watu walinihurumia, wakaniletea maembe. Mama Chapa yeye hakupata hata moja. Aliacha kuwasomea watu barua. Kuandika anaandika, maana ndiyo kazi yake, na siku hizi tarehe haziandiki kwa namba hata umpige. Lakini kusoma amekataa kabisa. Mzee wa nyumba ya pembeni ana barua ya mwanawe tangu mwezi wa sita, haijafunguliwa. Alimletea, Mama Chapa akamwambia macho yake yameshagharimu watu vya kutosha. Mzee anaizungusha mfukoni, bahasha imeshalegea kama kitambaa.

Nami ule uzi mrefu sikuuondoa. Niliendelea kukata. Mama Chapa alidhani nimeanza kuchanganyikiwa na akaogopa kuniuliza. Tarehe tano mwezi wa tisa, fundo la mwisho lilipokatika, nilifungua mlango alfajiri, nikaweka kigoda kizingitini, nikakaa. Nilijua huji. Nilikaa. Saa sita mchana Mama Chapa alifunga mashine yake, akawaacha wateja wake wakimsonya, akaja kukaa nami. Kisha akaniomba msamaha tena, mara ya ishirini sijui ya thelathini, akasema laiti angejua nilivyoteseka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, nikaingiza kigoda ndani. Nimekaa na neno hilo siku kumi na saba. Leo nimemwita na mashine yake.

Kifungo, kaa chini kama umesimama. Na wewe Mama Chapa, uliapa. Usisimamishe mkono.

Nimesema mwenye duka la dawa alinifafanulia. Sijasema lini. Ilikuwa siku ambayo ule uzi mrefu ulikuwa umepungua mafundo kumi na sita tu. Ulikuwa bado hujaja. Tulipomaliza kubishana na wagonjwa wale, nilimuuliza pembeni, je, tano na tisa? Akasema kwa watu wa huko hiyo ni mwezi wa tano, tarehe tisa. Akahesabu kwa vidole vyake, akasema zimebaki siku tisa, akanipongeza.

Nilirudi nyumbani nikakata kipande kingine cha katani. Nikakifunga mafundo tisa, nikakificha kwenye kopo la sindano. Kuanzia hapo kila asubuhi nilikata fundo moja ukutani, kila mtu akiona, na fundo moja ndani ya kopo, peke yangu. Mama Chapa alipita mlangoni pangu siku zote hizo tisa, akinisalimu asubuhi na jioni. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kusema, jirani, ile tarehe tumeipindua. Sikusema. Na alipolia kwenye sakafu yangu nilimwacha alie. Nikala maembe.

Mama Chapa hana kosa hata la ukucha. Alisoma alichofundishwa kusoma. Mimi nisiyejua kusoma ndiye niliyejua.

Siku uliyokuja niliamka, nikafagia, nikaoga, nikavaa gauni la heshima. Nilikusudia kukupokea, usidhani sikukusudia. Kisha nilitazama sanduku. Nikafunga kufuli kwa mkono wangu huu, nikavuka barabara, nikaingia kwa mwenye duka la dawa, kwenye benchi la wanaosubiri sindano, nyuma ya pazia. Pazia lile lina tundu. Nilikuona.

Umenenepa, na umependeza. Ulishuka na sanduku la kijivu, ukagonga. Ukakaa kizingitini. Ukavua kiatu cha kulia ukasugua kisigino, kama ulivyokuwa ukifanya ukitoka shule. Ukagonga tena, ukaniita kwa jina langu la utotoni, na nusura niitike kutoka ng'ambo. Ukatoa chungwa ukalimenya, ukala nusu, nusu nyingine ukaiweka juu ya karatasi pembeni yako, kana kwamba kuna mtu anakuja kuila. Mwenye duka aliniuliza yule mgeni si wangu. Nikamwambia ni mtu wa kuuza sabuni, ukimfungulia haondoki. Hakuniamini, lakini hakumwambia mtu. Tangu saa nne mpaka saa saba, Kifungo. Ulipoandika kile kikaratasi ulitumia goti lako kama meza. Ulipoondoka hukugeuka nyuma, na nilishukuru, maana ungegeuka ningekufa pale kwenye benchi.

Nilivuka. Ile nusu ya chungwa ilikuwa imeanza kukauka pembeni. Niliila.

Sasa utauliza kwa nini. Utadhani ni hasira zile za zamani, za siku ya kumzika mama, tuliposubiri mpaka jua likageuka na wewe hukufika. Hapana. Hasira hizo zilikwisha siku nyingi. Najua ulikuwa umelazwa, na najua mtu hawezi kushuka kitanda cha hospitali akaruka nchi tatu. Lakini wakati ule nilikuwa sijui, na hapo ndipo penye kosa langu.

Mto haupo.

Wiki ile ya mazishi ulituma neno kwamba nisigawe vitu vyote, mto wa mama nikuwekee. Nilikuwa nimefura. Nilisema moyoni, aliyekuja kumfumba mama macho ni mimi, aliyemgeuza ubavu ni mimi, halafu mwenye mto ni yeye? Nikachukua mkasi nikauchana kwenye mshono, pale pale kwenye kiraka ulichokitoboa wewe ukiwa mdogo. Nikaitupa sufi yote juu ya rundo la kazi, nikaichambua na nyingine kwa hasira, mpaka huwezi kujua ipi ni ipi. Foronya nikaifanya kitambaa cha kufutia mashine ya kushonea. Mchana huo huo mteja akaja kuchukua godoro lake, ambalo lilikuwa lijazwe kwa rundo lile.

Nikashindwa. Nilisimama mbele ya rundo nikashindwa kumpa hata konzi moja. Kila nikishika naona huenda ndiyo yenyewe, nywele za mama zililala humo. Nilimwambia yule mteja sufi imeingia wadudu, arudi wiki ijayo. Hiyo ndiyo mara pekee niliyochelewesha kazi maishani. Nimesema juu sijawahi, na huo nao ulikuwa uongo, uandikwe. Rundo lote nikalishona godoro langu mwenyewe. Ndilo ninalolalia tangu siku ile. Lina mabonde sasa, na mimi fundi, na sijawahi kulichana nilirekebishe, kwa sababu nikichana itatoka vumbi, na sijui ndani ya vumbi hilo nitampoteza nani.

Ulipoanza tena kuandika, baada ya miaka, ukauliza habari za mto, nikasema upo. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi. Mara ya tatu nikaanza kukueleza na harufu yake. Nilikuwa nikimsemesha Mama Chapa hayo naye akiyapiga chapa kwa roho safi. Kisha ukasema unakuja kuulalia, na mimi nikapewa tarehe yenye milango miwili. Nikajificha kwenye ule mmoja.

Hayo ndiyo niliyowaitia, wewe na huyu aliyekaa mbele yangu.

Barua ilikatika kidogo hapa, maana Mama Chapa alisimama. Alipiga chapa mpaka neno la mwisho, kama alivyoapa, kisha akanyanyuka akatoka nje. Nilidhani nimewapoteza wawili. Amekaa uani kitambo, nimesikia akimwaga maji ndoo nzima bila sababu. Amerudi, amekaa, na sasa ameniambia mambo ambayo nimemtaka ayaandike lakini anasema mashine yake ni ya heshima. Kwa kifupi, mimi ni kikongwe muongo, nimemnyima usingizi miezi minne na zaidi, na kama isingekuwa mashine hii ndiyo inayomlisha ningekuwa nimeshaivaa kichwani. Amedai na maembe yake. Nimekubali yote. Kisha amenyoosha karatasi, akasema tuendelee, kesho asubuhi ana barua ya mzee ya kusoma.

Basi sikiliza, mdogo wangu. Sikuombi unielewe, uliandika kwamba umeelewa na ulielewa vibaya. Naomba urudi ugonge tena. Kuhusu siku, nilitaka kukuandikia maneno marefu ya kueleza ipi ni siku na ipi ni mwezi, lakini Mama Chapa amenikatiza. Amesema ipo tarehe moja ambayo haina pa kujificha, ameitafuta mwenyewe kwenye kalenda: kumi na mbili, kijistari, kumi na mbili. Isome kama huko, isome kama hapa, ipindue uisimamishe kichwa chini, ni ile ile. Ameipiga kwa namba, mara yake ya kwanza tangu mwezi wa tano. Ndiyo hii:

12/12

Nimeshafunga mafundo themanini na moja. Uzi ni mmoja tu safari hii, na uko ukutani.

Mto sina. Nina godoro lenye mabonde, na yeye yumo ndani yake, sijui upande gani. Utalala ukutani kama zamani, mimi nitalala mwisho ili usianguke. Tukijigeuza geuza vya kutosha, mmoja wetu atampata.

Nisalimie shemeji, na wajukuu wote mmoja mmoja, hata yule mkaidi. Mama Chapa anakusalimu, anasema usije na dawa ya magoti, umletee yeye miwani ya kusomea. Mtoto mwenye masikio hakujui bado lakini naye anasalimu. Usipande magari ya haraka, na kisigino hicho kitafutie kiatu kipana.

Mlango ni wa kijani. Kufuli nimelitupa.

Ni mimi dada yako,
aliyekuwa nyuma ya pazia.